Msumbiji Ilizaliwa Dar, Wabongo Hatuna Habari

Fanya jaribio dogo. Simama kituoni Mwenge, au Mbagala Rangi Tatu, uulize watu kumi: tarehe 25 Juni ni siku gani? Saba Saba wataijua. Nane Nane wataijua. 9 Desemba hata mtoto wa chekechea anaijua. Ila 25 Juni? Mmoja atakuuliza kama mshahara umeshaingia, mwingine atadhani unauza bima.

Kwa taarifa yako, msomaji, 25 Juni ni sikukuu ya uhuru wa Msumbiji. Walijitawala mwaka 1975, usiku wa manane, kwenye uwanja wa Machava nje kidogo ya mji ambao wakati huo bado uliitwa Lourenço Marques. Hapo utasema: sawa, sikukuu ya watu, sisi inatuhusu nini? Subiri kidogo.

Hawakuiokota tarehe hiyo kwenye kalenda. Waliichagua kwa sababu miaka 13 kabla yake, tarehe 25 Juni 1962, chama cha FRELIMO kilizaliwa. Nacho hakikuzaliwa Msumbiji. Kilizaliwa hapahapa Dar es Salaam, Tanganyika ikiwa bado haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru wake. Yaani nchi nzima inasherehekea uhuru wake kwenye tarehe ya tukio lililotokea mjini kwetu.

Na si hiyo tu. Chukua sikukuu za Msumbiji zinazohusu historia ya taifa lao. 3 Februari ni Siku ya Mashujaa. 7 Aprili ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. 25 Juni ndiyo hiyo ya uhuru. 7 Septemba wanakumbuka mapatano ya Lusaka ya mwaka 1974, 25 Septemba wanakumbuka risasi za kwanza za mwaka 1964, na 4 Oktoba ni amani iliyotiwa saini Roma mwaka 1992. Hesabu mwenyewe. Sita. Tatu za kwanza zote mizizi yake iko Dar es Salaam: moja ni kuzaliwa kwa chama, mbili ni vifo. Sasa niambie ni mji gani mwingine duniani ambao nusu ya sikukuu za nchi jirani zimeanzia kwake, na wenyeji wake wanapita tu na daladala zao bila habari.

Haya, tuanze na manamba, maana historia hii haikuanza na wanasiasa.

Wazee wetu walilijua neno manamba: watu wa kazi za mkataba kwenye mashamba ya mkonge, waliopewa namba na kuitwa kwa namba. Tanga, Lindi, Kilosa, kote huko mkonge ulikatwa na watu kutoka mbali, na kundi kubwa miongoni mwao lilikuwa Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kule kwao Wareno walikuwa na kazi ya shokoa, kodi, na kilimo cha pamba cha lazima. Mwingereza naye hakuwa malaika, lakini kwenye mkonge angalau ulilipwa, na ukichoka unahama kambi. Basi wakavuka. Huku wakapewa jina la Wamawia, na tusidanganyane, halikuwa jina la heshima. Lilitamkwa kwa dharau, kwa kucheka chale zao za usoni na ndonya za mama zao. Wao wenyewe walijiita Wamakonde, basi.

Watu hao wa mkonge na bandarini ndio walioanzisha vyama vya kusaidiana, mtu akifa azikwe, mtu akiumwa achangiwe. Na walipoona TANU inavyofanya, nao wakaanza kuuliza maswali. Mwaka 1960 wajumbe wao, Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, walirudi ng'ambo kuzungumza na Wareno mjini Mueda. Tarehe 16 Juni watu wengi walikusanyika nje ya ofisi ya serikali kusikiliza majibu. Majibu yalikuwa wajumbe kukamatwa, kisha risasi. Wareno walisema wamekufa watu wasiozidi ishirini. FRELIMO baadaye ilisema zaidi ya 500. Wanahistoria wanabishana mpaka leo juu ya idadi, lakini habari ilivuka Ruvuma haraka kuliko gazeti lolote. Sisi 16 Juni tunaijua kama Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa sababu ya Soweto mwaka 1976. Kwa Mmakonde wa Mueda 16 Juni ilikuwa na damu miaka 16 kabla ya Soweto.

Kufikia mwaka 1962 vilikuwepo vyama vitatu vya ukombozi. MANU ndiyo iliyokuwa ya Wamakonde wa huku Afrika Mashariki, hata jina lake lilifuata mtindo wa TANU na KANU. UDENAMO ilianzia Rhodesia, kwa watu wa kusini na kati waliokuwa wakifanya kazi huko. UNAMI ilikuwa ya watu wa Tete waliokuwa Nyasaland. Kila chama na mwenyekiti wake, kila mwenyekiti na wivu wake. Mwalimu Nyerere aliwasukuma waungane, maana hakutaka kulea wagomvi watatu kwenye mji mmoja. Wakaungana Juni, na Septemba mwaka huohuo wakafanya mkutano mkuu wa kwanza hapahapa Dar. Rais wao akawa Eduardo Mondlane, msomi wa elimu ya jamii aliyewahi kufanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu cha Syracuse huko Marekani. Ofisi yao ikawa mtaa wa Nkrumah. Ukienda kununua vipuri vya gari maeneo yale, ujue unatembea juu ya historia ya watu.

Sasa niseme jinsi nilivyofika kwenye sherehe.

Jirani yetu mmoja, fundi wa kuchonga, alinialika. Ilikuwa 25 Juni, siku ya kazi kama siku nyingine kwetu, daladala zimejaa kama kawaida. Kwao ni sikukuu. Nyumba iko Mbagala ndani kabisa, ile Mbagala ambayo bodaboda anakuuliza mara mbili kama una uhakika. Uani palikuwa na watu wapatao arobaini hivi, na bendera imetundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Bendera ya Msumbiji ukiiona mara ya kwanza unashtuka: ina kitabu, ina jembe, na ina bunduki aina ya AK-47 yenye singe. Sisi tuna mwenge, wenzetu wana bunduki. Mtoto mmoja wa kama miaka saba alikuwa ananionyesha kwa kidole: hili jembe, hiki kitabu, hii "bunduki ya babu". Sijui kama ni ya babu kweli au ndivyo alivyoambiwa.

Nilikuwa mgeni. Ni hisia ya ajabu kidogo, kuwa mgeni kwenye jiji lako mwenyewe, kilomita chache kutoka unapolala. Hotuba ilikuwa Kiswahili, kisha Kimakonde, kisha kidogo Kireno ambacho nadhani hata waliokuwa wanapiga makofi hawakukielewa chote. Vijana wote waliozaliwa huku walikuwa wanaongea Kiswahili cha Temeke kama mimi, Simba na Yanga zao ziko palepale, lakini ulipopigwa wimbo wa taifa walisimama, na nikabaki najiuliza mikono niweke wapi. Nikaiweka mgongoni. Kisha wazee watatu wakaendelea kuimba wimbo mwingine, wa zamani. Nikaelezwa kwamba ule ndio uliokuwa wimbo wa taifa tangu 1975, wimbo wa kuisifu FRELIMO, na ulibadilishwa mwaka 2002 baada ya nchi kuingia vyama vingi. Vijana walikaa. Wazee wakaumaliza wamesimama.

Chakula kilipoletwa nilipata somo lingine. Waliniambia hii ni matapa, chakula cha Msumbiji. Nikatazama sahani: kisamvu, karanga, tui la nazi. Ndugu yangu, hicho si ndicho alichokuwa anapika bibi yangu? Nikasema hivyo kwa sauti. Mama aliyekuwa anapakua akacheka sana, akaniambia, "Mwanangu, Mreno ndiye aliyeweka mpaka, kisamvu hakikupiga kura." Ngoma nazo zilikuwa sindimba, ambayo shuleni tulifundishwa kwamba ni ngoma ya Tanzania, ya Mtwara. Ni kweli. Na ni ya ng'ambo pia. Ruvuma ni mto tu.

Mzee aliyeketi karibu yangu nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza mimi ni wa wapi, nami nikamtajia. Akasema yeye alivuka Ruvuma akiwa amebebwa mgongoni, usiku, mama yake akimziba mdomo asilie. Vita ilikuwa imeanza. Walipelekwa Rutamba, kule Lindi, moja ya makazi ambayo serikali yetu iliwafungulia wakimbizi wa Msumbiji, kama ilivyokuwa Muhukuru upande wa Songea. Walipewa jembe na ardhi. Baadaye akaja Dar na kisu chake cha kuchongea. Wakati ule wachongaji walikuwa wanakaa kandokando ya barabara kuuza kwa watalii, kabla ya soko la vinyago la Mwenge. Nilimuuliza kwa nini hakurudi mwaka 1975. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara mia. Akasema: alirudi. Akakaa. Vita nyingine ikaanza. Akavuka tena.

Hiyo vita nyingine ni ile ya RENAMO, ambayo iliisha kwa mapatano ya Roma mwaka 1992. Kwa hiyo mzee huyu amekimbilia Tanzania mara mbili katika maisha yake, na anasherehekea uhuru wa nchi ambayo ameishi ndani yake miaka michache tu. Na bado ndiye aliyekuwa anaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Turudi kwenye historia, tubaki Temeke hukuhuku.

Kurasini. Leo ukisikia Kurasini unafikiria makontena na malori. Mwaka 1963 Janet Mondlane, mke wa Eduardo, Mmarekani, alisimamia ujenzi wa Taasisi ya Msumbiji huko Kurasini, bweni na shule ya sekondari kwa vijana waliotoroka kwa Wareno. Fedha za kwanza zilitoka kwa Ford Foundation ya Marekani, jambo lililowaudhi sana Wareno, maana Ureno ilikuwa mwenzake Marekani ndani ya NATO. Vijana walisoma hisabati, Kiingereza, historia, huku wakijua kwamba baada ya hapo wengine wataenda vyuo vya nje na wengine porini na bunduki. Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Mwaka 1968 padri mmoja Mwafrika, Mateus Gwenjere, alipata wafuasi wengi miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wanapinga kupelekwa jeshini na kupinga walimu Wazungu waliokuwa wanafundisha pale. Machi ghasia zikatokea bwenini, shule ikafungwa. Mei kundi la Wamakonde waishio Dar likavamia ofisi ya mtaa wa Nkrumah, na mwanachama mmoja wa FRELIMO, Mateus Muthemba, akafa kutokana na kipigo.

Soma tena hapo. Waliovamia walikuwa Wamakonde wa Dar. Watoto wa manamba. Watu walewale waliochangia senti zao kuanzisha MANU. Walikuwa wanaona vita inapiganwa kwao, Cabo Delgado, wanaokufa ni ndugu zao, lakini viongozi wakubwa ni wasomi wa kusini. Historia rasmi ya FRELIMO haipendi kukaa sana kwenye ukurasa huu. Mwenyekiti wao wa Cabo Delgado, Lazaro Nkavandame, mwaka 1969 alijisalimisha kwa Wareno, na tangu hapo mtu yeyote aliyewahi kulalamika aliwekwa kwenye kapu lake la usaliti. Mimi nadhani malalamiko yalikuwa na ukweli ndani yake hata kama msemaji wake aliishia pabaya. Jaribu kusema hivyo kwenye sherehe uone. Mimi nilijaribu kwa upole tu. Wazee wawili wakaanza kubishana Kimakonde na mama wa kisamvu akaniongezea chakula ili ninyamaze.

Sasa 3 Februari. Mwaka 1969, asubuhi, Mondlane alipitia ofisini mtaa wa Nkrumah kuchukua barua zake, kisha akaenda Oysterbay kwenye nyumba ya Betty King, Mmarekani rafiki wa familia yao, ambako alipenda kufanya kazi kwa utulivu. Kati ya barua kulikuwa na kifurushi chenye kitabu cha Mrusi Plekhanov kwa Kifaransa. Alipokifungua kikalipuka. Alikuwa na miaka 48. Kidole kimenyooshewa idara ya ujasusi ya Ureno, PIDE, na pia kumekuwa na shaka ya muda mrefu juu ya wenzake wa ndani waliosaidia kukifikisha kifurushi mikononi mwake. Hakuna aliyewahi kusimamishwa mahakamani kwa kifo kile. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, Mwalimu Nyerere akiwepo, na baada ya uhuru mabaki yake yakapelekwa Maputo.

Makaburi ya Kinondoni! Kizazi changu kikisikia Kinondoni kinamkumbuka Kanumba. Aprili 2012 nusu ya Dar ilikuwa pale, watu juu ya miti, watu juu ya kuta, wengine wamezimia. Sisemi vibaya, hata mimi nililia. Ila nataka ujue kwamba miaka 43 kabla yake palizikwa mtu ambaye Msumbiji nzima husimamisha kazi kila mwaka kwa ajili yake.

Na kwa kuwa tumemtaja Kanumba: alifariki tarehe 7 Aprili. Sisi 7 Aprili tuko nyumbani kwa sababu ya Mzee Karume, aliyeuawa Zanzibar siku hiyo mwaka 1972. Wamsumbiji nao wako nyumbani siku hiyohiyo, lakini kwa ajili ya Josina Machel. Ebo, tarehe moja inabeba mizigo mingapi?

Josina ndiye anayenigusa kuliko wote, labda kwa sababu ya umri. Alizaliwa mwaka 1945 kusini mwa Msumbiji. Alipojaribu kutoroka mara ya kwanza alikamatwa Rhodesia na kurudishwa, akafungwa. Akatoroka tena, akafika Dar mwaka 1965, akafanya kazi Kurasini kwenye Taasisi. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi akaikataa. Fikiria wewe, kijana wa leo unayehangaika na viza, mtu anakataa kusoma Uswisi ili aende Nachingwea kujifunza bunduki. Alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kwenye kikosi cha wanawake cha FRELIMO, akaongoza mambo ya wanawake, akashughulikia watoto yatima wa vita. Mwaka 1969 alifunga ndoa na Samora Machel kule Tunduru, wakapata mtoto wa kiume. Tarehe 7 Aprili 1971 alifariki Dar es Salaam kwa ugonjwa, na hapahapa akazikwa. Alikuwa na miaka 25. Umri wa mtu anayemaliza chuo na kutafuta kazi ya kujitolea.

Samora mwenyewe tunamkumbuka kwa barabara. Samora Avenue, mjini, zamani ikiitwa Independence Avenue. Tunapanga kukutana Samora, tunanunua simu Samora. Nachingwea, ambako alikuwa anafundisha wapiganaji, palikuwa mahali pa mradi ule wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa kifo cha aibu. Mwingereza alishindwa kuotesha karanga, FRELIMO wakaotesha jeshi. Kutoka Tanzania, Mei 1975, Samora alivuka Ruvuma na kusafiri mwezi mzima kuelekea kusini, mji kwa mji, mkutano kwa mkutano, mpaka akafika Machava tarehe 25 Juni kutangaza uhuru.

Huu wote haukuwa mchango wa bure kwa upande wetu. Vijiji vya mpakani kusini vilionja mabomu ya Wareno. Wazee wa Mtwara na Ruvuma wanayajua haya, ni sisi wa Dar tunaodhani ukombozi ulikuwa hotuba za redioni. Na urafiki ulizaa mambo ya kudumu. Kurasini hiyohiyo, mwaka 1978, serikali zetu mbili zilianzisha kwa pamoja chuo cha diplomasia, ambacho kwa miaka mingi kilibeba majina ya nchi zote mbili. Siku hizi kinaitwa kwa jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Anastahili, sina ugomvi. Ila jina la Msumbiji limetoka kwenye kibao. Joaquim Chissano, aliyekuwa mwakilishi wa FRELIMO hapa Dar kabla hajawa rais wa nchi yake, ndiye aliyewashangaza wakuu wa Afrika kule Addis Ababa mwaka 2004 kwa kuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili. Wakalimani walihaha. Alikitoa wapi Kiswahili hicho? Si Maputo.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Pale uani, kijana mmoja wa umri wangu, aliyezaliwa Temeke, alinieleza shida yake ya makaratasi. Sitaeleza yote, nisije nikamponza. Kifupi: baba yake ana karatasi za Msumbiji, yeye ana Kiswahili na cheti cha kuzaliwa cha hapa, na kila anapokwenda kwenye ofisi fulani jina lake la ukoo linaulizwa maswali. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo lazima achague. Bunge la Msumbiji lina viti 250, na kimoja kati ya hivyo ni cha raia wao waishio nchi nyingine za Afrika, pamoja na wa hapa Tanzania. Yaani kule anaweza kupiga kura kuchagua mbunge kwa sababu anaishi Mbagala. Huku anaishi Mbagala na hajui kama ni wa huku. Akaniuliza mimi ningechagua nini. Nikamwambia sijui, na kweli sijui.

Kenya wamewahi kulitatua hili kwa namna yao. Wamakonde wa Kwale, wajukuu wa manamba wa mkonge kama hawa wa kwetu, waliishi miongo mingi bila vitambulisho vya taifa. Oktoba 2016 wakaanza safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, wakitembea kwa miguu. Kabla mwaka haujaisha wakaanza kupewa vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kama kabila la 43 la Kenya. Huku kwetu Wamakonde ni kabila letu tangu zamani. Ndiyo maana jambo letu ni gumu zaidi: Mmakonde wa Newala ni Mtanzania bila maswali, na binamu yake wa Mueda ni mgeni, na uani kwa watu huwezi kuwatofautisha mpaka bendera itundikwe.

Mwaka 2010 marais Kikwete na Guebuza walifungua Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, daraja ambalo Nyerere na Samora waliliota tangu mwaka 1975. Oktoba 2017 wapiganaji wakashambulia Mocímboa da Praia, na vita ya tatu ikaanza Cabo Delgado. Machi 2021 wakaingia Palma, karibu kabisa na mpaka wetu. Watu wakakimbia kuelekea kaskazini, kama walivyokimbia mwaka 1964, na wengi wakavuka Ruvuma. Mwaka huo Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitoa malalamiko kwamba maelfu ya watu hao walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, wengine wakiwa wametengana na watoto wao. Serikali ilikuwa na hofu zake, Mtwara nayo ilikuwa imeshashambuliwa mwaka 2020 kule Kitaya.

Mpwa wa yule mzee wa Rutamba alikuwa mmoja wa waliorudishwa. Mzee alinieleza hayo bila kunitazama, huku anamenya muhogo kwa kisu kilekile kidogo cha kazi. Kisha ngoma ikaanza upya, akaniomba nimshike mkono anyanyuke.